Ubingwa wa Ohio State sio wa kuokota

Mhariri, shikamoo kama ni mkubwa kwangu, kama ni rika langu basi mambo vipi.

Nimesoma barua ya msomaji mmoja hapo kwenu anasema ubingwa wa taifa wa msimu wa 2024 wa Ohio State, timu ya chuo kikuu hapa kwetu katika ule mpira wa Kimarekani (American football), ni wa kuokota eti kwasababu walifungwa na Michigan nyumbani na hata fainali ya Big Ten, ligi ya vyuo vya kanda yao, hawakufika, na tena kikosi ni cha kununua kwa pesa. Sasa mimi naishi hapahapa Columbus, mwaka wa saba huu, hiyo shughuli nimeiona mwanzo mwisho, naomba nafasi nimjibu.

Kwanza asidhani hatukuumia. Tarehe 30 Novemba 2024, 13-10, tena Michigan yenyewe ilikuwa mbovu, ishapigwa mechi tano msimu huo, na ni mwaka wa nne mfululizo wanatufunga! Wakaja kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja wetu, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza ile dawa ya pilipili. Kesho yake zamu ya usiku kazini hakuna anayeongea, mi nikafanya kosa la kuuliza "kwani ni nini, si mpira tu", aisee nilinyimwa salamu wiki nzima. Kocha wetu Ryan Day watu walishamfukuza midomoni.

Lakini huyu ndugu naona ni mtu wa soka kama mimi, basi anijibu: Chelsea 2012 ilimaliza ligi nafasi ya ngapi? Ya sita. Na kombe la Ulaya kule Munich alibeba nani? Liverpool 2005 walimaliza wa tano, hata Everton walikuwa juu yao, mbona Istanbul hakuna anayesema waliokota? Mtoano ni mtoano. Msimu ule wa 2024 ndio ulikuwa wa kwanza mtoano wa ubingwa wa vyuo kuingiza timu 12, zamani zilikuwa nne tu, na ingebaki vile kweli Ohio State tungeangalia kwenye tv. Ila sheria hawakuitunga wao.

Tena njia yenyewe haikuwa ya mchekea. Tennessee walikuja Columbus tarehe 21 Desemba na mashabiki wao kibao waliovaa rangi ya machungwa, baridi mpaka masikio yanauma, wakarudi na 42-17. Oregon ndio walikuwa namba moja, hawajafungwa na mtu, na Oktoba walitupiga 32-31, tulipokutana nao tena robo fainali pale uwanja wa Rose Bowl ilikuwa 34-0 kabla hata nusu ya kwanza haijaisha! Mechi ikaisha 41-21.

Sasa ile nusu fainali ya Texas ndio sitaisahau. Tunaongoza 21-14, zimebaki dakika chache, Texas wako yadi moja tu kutoka mstari wetu wa kufungia, nikasema hapa tumekwisha. Wakasukumwa nyuma, kwotabeki wao (yule mrushaji mkuu wa mpira) Quinn Ewers anataka kurusha, Jack Sawyer wetu akampokonya mpira na kuanza kukimbia nao, yadi 83, jamaa ni beki mnene yule sio mkimbiaji, mi nimesimama juu ya kochi na viatu, mke wangu ananiangalia tu. Na hao wawili waliwahi kukaa chumba kimoja chuoni hapahapa! Sawyer ni mtoto wa Pickerington, ukitoka kwangu ni mwendo mfupi tu kwa gari.

Fainali Atlanta, 20 Januari, Notre Dame walianza wao kufunga, tukafika 31-7, halafu wakaanza kurudi mpaka 31-23, roho juu. Kwotabeki wetu Will Howard akamrushia Jeremiah Smith yadi 56, kijana wa mwaka wa kwanza jamani, ikaisha 34-23.

La pesa nakubali. Mkurugenzi wao wa michezo, Ross Bjork, alisema mwenyewe kikosi kiligharimu kama dola milioni 20, na Howard alitoka chuo kingine, Kansas State. Lakini Sawyer na wenzake kadhaa wangeweza kwenda NFL, ile ligi ya kulipwa, mwaka 2024, wakabaki wamalizie walichoanza, na sidhani Oregon nao wanacheza kwa chai na maandazi.

Nilichobakiza kumkubalia huyo msomaji ni Michigan tu. Hilo deni lilibaki mpaka tulipolifuata kwao Ann Arbor, Novemba 2025.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio