Barua kwa mwanangu: kazi yenye saa yake ianze

Tandahimba, Juni

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako. Mama yako na wadogo zako wanakusalimu, na bibi anauliza utakuja lini.

Juzi kwenye simu ulisema unaamka mapema, unashinda kwenye cherehani mpaka usiku, na bado nguo za watu haziishi, wengine wameanza kukusema. Maneno hayo nimelala nayo. Uvivu hukuwa nao tangu utoto, kwa hiyo sikuandikii kukuhimiza ufanye kazi zaidi. Nataka tuzungumze namna ya kuianza siku.

Unaijua kazi ya msimu huu. Mikorosho imeanza kuchanua, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, hauna huruma na maua machanga. Salfa ya unga tunaipuliza alfajiri kwa sababu saa hizo upepo umetulia na umande ungali juu ya majani, dawa inanata. Jua likipanda na upepo ukianza, salfa inapeperuka hovyo na pesa yako inakwenda nayo. Kupalilia, kukata matawi makavu, kwenda chama cha msingi cha ushirika kuulizia pembejeo, yote hayo yanafanyika hata saa nane mchana, hata kesho. Kupuliza hakungoji. Ndiyo maana kila asubuhi nikishaswali najiuliza: leo kazi ipi ina saa yake, ambayo ikipita imepita? Hiyo naipa nafasi kwanza, nyingine zinafuata.

Sasa tazama kazi yako, mama. Kukata kitambaa kunataka utulivu na mwanga. Mkasi ukienda vibaya, kitenge cha mtu kimeharibika. Basi kata asubuhi, kabla wateja hawajajaa kibarazani. Pindo na vifungo unaweza kuvimaliza huku unaongea na mtu. Pasi inategemea umeme. Ukiuona upo asubuhi, nyoosha za wanaokuja kuchukua leo, usingoje jioni. Na gauni la harusi ya Jumamosi lisipitwe na nguo ya mtu asiye na haraka, hata kama huyo ndiye anayepiga simu kila saa. Nadhani hapo ndipo siku zako zinapoliwa: mwenye kelele ndiye anayeshonewa.

Nunua daftari dogo. Kabla hujashika simu, andika kazi za leo, na zile zenye saa ziandikie saa yake. Usiandike kumi. Tatu au nne zinatosha, na mchana acha nafasi, maana hapo Masasi ulipo ni njiapanda, watu wa Newala, Nachingwea na Tunduru wote wanapita hapo, na watakuja bila taarifa.

Wapo wanaopanga usiku. Mimi naona usiku ni wa kuandaa vifaa: mafuta ya mashine ya kupulizia, maji, barakoa. Kupanga nakuacha asubuhi, kwa kuwa asubuhi ndipo ninapouona upepo. Nawe asubuhi ndipo utakapojua kama umeme upo na kama mwili una nguvu.

Kazi ikibaki jioni, usiihamishie kesho hivi hivi. Jiulize imebaki kwa nini. Kama ni umeme, sawa. Kama ulimkubalia mtu siku ambayo ulijua huiwezi, basi daftari halitakusaidia. Neno la kweli ulipaswa kulisema siku ulipopokea kitambaa. Linauma kidogo kulisema, lakini mteja aliyeambiwa "njoo wiki ijayo" akaikuta nguo yake tayari, huyo anarudi na shoga zake.

Jaribu mpaka mwisho wa mwezi, kisha unipigie tuone daftari linasemaje.

Mama yako amekufungia choroko na unga wa muhogo. Mzigo unaletwa na gari la asubuhi Jumamosi, uwahi kuupokea stendi. Namba ya kondakta nitakutumia Ijumaa jioni.

Mimi baba yako