Njia ya baiskeli isituache kwenye makutano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo wakazi wengi wa Dar es Salaam hulipita kila siku bila kulitazama, yaani njia za baiskeli zilizojengwa pembezoni mwa Barabara ya Morogoro pamoja na mradi wa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Manzese, na kwa zaidi ya miaka ishirini baiskeli ndiyo iliyonipeleka shuleni, sokoni na msibani. Njia hizo zilipojengwa nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi. Leo hii sehemu kubwa ya safari zangu naifanya barabarani, katikati ya malori na bodaboda, huku njia niliyojengewa nikiiona iko hapohapo kushoto kwangu.

Najua madereva wanavyosema wakituona hivyo. Husema tumejengewa njia yetu tukaidharau. Shutuma hiyo ni nzito, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa sababu ya sisi kuikimbia njia hiyo ipo katika namna ilivyochorwa.

Jirani yangu mmoja hununua samaki katika soko la Feri na kuwauza huku kwetu. Hutoka nyumbani saa kumi alfajiri, na jua linapochomoza huwa yuko njiani kurudi, tenga limefungwa kwa mipira ya tairi juu ya keria, maji ya barafu yakimchuruzikia visiginoni. Siku moja nilimuuliza kwa nini hapiti katika njia ya baiskeli. Akanijibu, “Mwalimu, ile ni njia ya mtu asiye na mzigo wala haraka.” Nilidhani ananitania, hadi nilipofuatana naye. Mahali fulani katika safari yake njia imezibwa kwa nguzo fupi za zege ili magari na bodaboda zisiingie. Bodaboda hupenya hapo bila taabu, dereva anakunja usukani kidogo na kupita, ila tenga la samaki ni pana kuliko mwanya. Jirani yangu hushuka, akaiinamisha baiskeli na mzigo wake wote, akaisukuma ubavu ubavu kama mtu anayepitisha kabati mlangoni. Kizuizi kilichowekwa kumlinda kimemzuia yeye na kumpisha yule aliyekusudiwa kuzuiwa.

Vizuizi vya namna hiyo vinakera, makutano yanaua. Kati ya makutano na makutano, ambako magari yananyoosha na dereva anaona mbali, mwendesha baiskeli ana njia yake, iliyotengwa kwa ukingo wa zege. Anapofika mahali mtaa unapochomoza, yaani pale hasa anapohitaji ulinzi, njia hiyo inashuka ghafla, inapinda kwa ndani, inapita nyuma ya vibanda na magari yaliyoegeshwa, kisha inamtokeza mbele ya gari linalokata kona. Aliyekuwa akiendesha barabarani muda wote, dereva amekwishamwona tangu mbali na kumtarajia. Aliyetii na kufuata njia aliyojengewa anaibuka kama aliyetoka ardhini.

Yalinikuta mwenyewe mwaka juzi. Nilikuwa nanyoosha, gari dogo likanipita, likakata kushoto mbele yangu. Nilibana breki zote mbili, gurudumu la mbele likateleza kwenye mchanga, nikaangukia bega. Dereva alishuka, akaniinua kwa heshima, akanipangusa vumbi, kisha akaniuliza, “Mzee wangu, kwani hukuona indiketa?” Indiketa niliiona. Ila yeye hakuniona mimi, na nikisema kweli sidhani kama angeweza kuniona, maana nilikuwa nimefichwa na kibanda cha chipsi, na kona yenyewe ni pana kiasi kwamba gari huikata bila hata kugusa breki. Nimekuwa nikimsamehe yule kijana kila nikipita pale. Aliyechora kona ile bado sijamsamehe.

Dawa ya makutano kama hayo wahandisi wanaijua, na wala si ya mabilioni. Kona ikichorwa kali, gari hulazimika kukunja polepole. Njia ya baiskeli ikiendelea katika usawa uleule hadi ng’ambo ya mtaa bila kushuka, gari ndilo litakalopanda kama linavyopanda tuta, na dereva ataelewa bila kusoma kibao chochote kwamba anakatiza njia ya mwenzake. Mita chache kabla ya kona zikiachwa wazi, pasiwe na maegesho wala meza ya biashara, macho ya watu wawili yatakutana kabla vyombo vyao havijakutana. Nasema hivyo bila chuki kwa machinga, ambao nao wanatafuta riziki pale penye watu. Watengewe nafasi zao katikati ya njia ndefu, ambako hawamzibi mtu, kuliko kuwafukuza leo na kuwakuta wamerudi kesho.

Sisi nasi tuna makosa yetu. Wapo wanaotembea usiku bila taa, wapo wanaochomekea kwenye mataa kana kwamba rangi nyekundu haiwahusu, na wapo wengi wanaokuja kinyume na uelekeo wa magari. Hilo la mwisho naomba litazamwe kwa utulivu kabla ya kuitwa ukaidi. Katikati ya Barabara ya Morogoro yanapita mabasi ya mwendokasi, na hapavukiki ila kwenye vivuko na mataa. Mtu anayetoka mtaa mmoja kwenda wa pili, yote miwili ikiwa upande uleule, akitaka kufuata sheria itabidi avuke barabara nzima, aende mpaka kivuko kinachofuata, kisha avuke tena kurudi. Atakwenda kinyume, hata angekuwa mhandisi. Palipo na hali hiyo, njia ipanuliwe na irasimishwe kuwa ya pande mbili, kuliko kumwekea askari wa kumkamata muuza mkate.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mtu asiyeendesha baiskeli hawezi kulijua. Barabara ya magari hujifagia yenyewe, kwa kuwa matairi husukuma mchanga na vipande vya chupa pembeni, na huko pembeni ndiko tuliko sisi. Mvua kubwa zikipita na bonde la Jangwani likifurika kama kawaida yake, lami hurudishwa katika hali ya kupitika upesi, huku njia ya baiskeli ikibaki na tope ambalo hugeuka mchanga, na mchanga ndio ulioniangusha mimi. Njia isiyo na fagio wala bajeti ya fagio ni mapambo tu.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ni asilimia 0.2 tu ya barabara za dunia zenye njia za baiskeli. Kwa kipimo hicho sisi wa Barabara ya Morogoro tungepaswa kutembea kifua mbele, na kwa kweli mwaka 2018 jiji letu lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili ya mradi huuhuu. Sibezi tuzo hiyo, mabasi yale yamewasaidia wengi. Hofu yangu ni kwamba tunahesabu kilomita, na kilomita hazituambii mtu anafanyaje akifika kwenye kona.

Wala siombi njia ya baiskeli kila mtaa. Katika vichochoro vyetu vya Manzese na Tandale hakuna nafasi ya kuijenga, na haihitajiki iwapo magari yatakwenda polepole. Mwendo wa juu ulioruhusiwa katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, wakati Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka kilomita 30 pale ambapo watembea kwa miguu na waendesha baiskeli huchanganyika na magari. Tuta lililojengwa vizuri kwenye mtaa wa namna hiyo lingetufaa kuliko mstari wa rangi.

Mabasi ya mwendokasi yanazidi kupanuliwa, kwa Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala na kwa Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, na barabara nyingine zitafuata. Huko kusini wako wabeba mkaa, ambao magunia yao ni mapana kuliko tenga la jirani yangu mara mbili. Ombi langu kwa wanaohusika ni kwamba, kwa kila barabara itakayofuata, michoro ya makutano ibandikwe kwenye ofisi za kata kabla mkandarasi hajaleta greda, na watu wanaobeba mizigo kwa baiskeli waitwe waitazame na kusema. Kwa barabara zilizokwisha kujengwa, kila makutano yanapofanyiwa matengenezo, kona zake zirekebishwe palepale, moja baada ya nyingine, bila kusubiri mradi mkubwa.

Nilipomsomea jirani yangu barua hii, alinisihi niongeze kwamba yuko tayari kumwazima tenga lake mtaalamu yeyote atakayetaka kupimia upana wa mwanya ule, mradi alirudishe kabla ya saa kumi alfajiri.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Manzese, Dar es Salaam.