Cheti cha afya cha rubani: anayewahi ndiye anayeumia

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu niko sekondari na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya abiria waliokwama kiwanjani kwa sababu cheti cha afya cha rubani kilikuwa kimekwisha muda wake imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu aliifunga kwa kusema ni uzembe. Hakuna mahali alipoonyesha kwamba alimuuliza rubani yeyote cheti kile kinapatikanaje, kwa muda gani na kwa shilingi ngapi. Mimi ni rubani wa ndege ndogo huku Kaskazini, na nasema neno lile halikuwa la haki.

Nianze na kanuni yenyewe, maana habari yenu iliiruka. Rubani wa kubeba abiria lazima awe na cheti cha afya cha Daraja la Kwanza. Leseni bila cheti hicho haikuruhusu kuwasha injini. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho ndicho msingi wa leseni za marubani katika nchi wanachama, kinakipa cheti hicho miezi 12. Lakini ukishapita umri wa miaka 40, na ukawa unabeba abiria kibiashara ukiwa rubani peke yako, miezi 12 inakuwa 6. Wenzetu wa ndege kubwa wanaoruka wawili wawili hukumbwa na miezi 6 wakishapita 60. Mimi narusha Cessna Caravan peke yangu, natoka Arusha kwenda Seronera, Kogatende na viwanja vingine vya hifadhini, na arobaini niliipita zamani, hamsini nayo pia. Kwa hiyo kila nusu mwaka niko mbele ya daktari. Hilo silipingi hata kidogo. Nikizimia angani hakuna wa kunipokea usukani, na waliokaa nyuma yangu wana haki ya kujua kwamba moyo wangu umepimwa.

Ninachopinga ni jinsi tarehe inavyohesabiwa. Kiambatisho hichohicho kina maelezo kwamba ni vyema tarehe ya kuisha kwa cheti ibaki ileile mwaka hadi mwaka: ukipimwa ndani ya siku 45 kabla cheti hakijaisha, kipya kianze kuhesabiwa pale cha zamani kinapokomea. Ulaya wanafanya hivyo. Marekani cheti hufa siku ya mwisho ya mwezi, hata kama ulipimwa tarehe 3. Faida yake iko wazi: mtu anawahi, kipimo kikileta mashaka anapata muda wa kurudia, na hapotezi siku aliyokwishailipia. Mimi mara ya mwisho nilikabidhiwa cheti kilichoanza siku niliyoingia mlangoni, na wenzangu kadhaa wananiambia nao yamewakuta. Fanya hesabu, Mhariri. Mwenye cheti cha miezi 6 akiwahi kwa siku 40, siku hizo 40 za cheti cha zamani zimepotea. Akiwa na desturi hiyo ya kuwahi, kwa miaka miwili atapimwa mara tano, wakati kanuni inamtaka mara nne. Yule anayesubiri mpaka wiki ya mwisho hapotezi kitu, ila mashine ikiharibika au daktari akisafiri, ndiyo hao abiria mliowaandika. Sasa mnashangaa nini watu wakisubiri?

Nikueleze lililonipata ili usidhani nasimulia ya kusikia. Cheti changu kilikuwa kinaisha mwishoni mwa Juni, wakati ambao msimu wa watalii unapanda na nyumbu wanaelekea Mto Mara. Nikaona niende Mei, masika bado yapo, kambi nyingi zimefungwa na ndege zimeegeshwa. Daktari wangu wa siku zote amestaafu, aliyekuwa na nafasi yuko Dar es Salaam, nikafunga safari. Nikafika alfajiri bila kula wala kunywa kitu kwa ajili ya kipimo cha damu. Mkojo wakachukua, damu wakachukua, macho wakapima. Tukafika kwenye kipimo cha moyo, ambacho kwa umri wangu hutakiwa kila mwaka. Mashine ipo, umeme upo, mtaalamu yupo. Karatasi ya kuchorea imekwisha. Karatasi! Nikaambiwa njoo kesho. Kesho yake nikaambiwa zinakuja mchana. Mchana ukapita, nimekaa kwenye benchi lisilo na egemeo, joto la Dar unalijua, na simu ya ofisini inalia kila saa wakiuliza narudi lini. Karatasi zilipofika nikaitwa nipimwe na presha kwa mara ya pili, ikasoma 158 kwa 96. Daktari akasema hawezi kusaini mpaka nivae kile kifaa cha kupima presha saa 24. Sikubishana naye, alifanya kazi yake. Lakini kifaa kilikuwa kimoja na kimevaliwa na mgonjwa mwingine, na bingwa wa moyo wa kusoma majibu anakuja Alhamisi tu. Na kwa kuwa tayari kulikuwa na shaka juu ya afya yangu, sikuruhusiwa kuruka ingawa cheti cha zamani kilikuwa bado hai, na ndivyo inavyotakiwa. Nikakaa chini. Majibu yalipokuja yalikuwa safi, presha ya mtu mzima aliyelala vizuri. Daktari akasaini, Juni imeshaanza, nikakipokea cheti, nikasoma tarehe: kimeanza kuhesabiwa tangu ile siku ya kwanza niliyotolewa damu, mwezi Mei. Kwa maneno mengine, siku zote nilizokaa nikisubiri karatasi yao, kifaa chao na bingwa wao, zimehesabiwa kuwa siku nilizokuwa na cheti kipya mfukoni. Nilipomuuliza dada wa mapokezi, akanijibu kwa upole kabisa kwamba fomu ina nafasi moja tu ya tarehe.

Nafasi moja ya tarehe! Hapo ndipo nilipoishiwa maneno.

Gharama nazo mziseme siku moja gazetini. Watu hudhani rubani analipiwa kila kitu. Kampuni niliyokuwa nayo wakati ule ililipa ada ya daktari, basi. Kipimo cha moyo, damu, macho, masikio, kile kifaa cha saa 24 na ada ya bingwa vilikuwa na risiti zake, kila moja kwa dirisha lake, na zote zilitoka kwangu. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, chumba, chakula, na posho ya kuruka ambayo hailipwi ukiwa chini. Jumla ilipita nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Na katika risiti zile kuna moja isiyokuwa na sababu kabisa: kipimo cha masikio kwenye kile kijumba kisichopitisha sauti. Nilikuwa nimepimwa, na haijapita hata miezi sita. Kiambatisho kinataka kipimo hicho kila baada ya miaka miwili kwa aliyepita 40. Nililieleza hilo, nikaambiwa utaratibu wao ni kifurushi kizima, huwezi kuchagua.

Hili halikomei kwenye mfuko wa rubani. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa ndege ya Germanwings iliyokuwa ikitoka Barcelona kwenda Düsseldorf aliishusha makusudi kwenye milima ya Alps, wakafa watu 150. Alikuwa mgonjwa na aliuficha ugonjwa wake kazini. Wachunguzi wa Ufaransa, katika ripoti yao ya 2016, walitaja miongoni mwa sababu za kuficha kwake hofu ya kupoteza uwezo wa kuruka na kukosa bima ya kufidia kipato. Sisi huku nani ana bima hiyo? Kijana mwenye mkopo wa shule ya urubani, anayejua kwamba akisema hapati usingizi usiku atawekwa chini bila posho na atajigharamia kila kipimo cha kumrudisha angani, mnategemea aseme? Najua marubani wanaomeza dawa za mafua kimyakimya na kwenda kazini. Sitawataja, lakini siwezi kuwaita wazembe.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, kuna jingine nililiona kwenye benchi lile. Alikuwapo mama na mwanawe, kijana mwembamba mwenye bahasha ya vyeti, amerudi kutoka shule ya urubani nje ya nchi akiwa na leseni ya urubani binafsi, sasa anataka Daraja la Kwanza aendelee na leseni ya biashara. Akaletewa kile kitabu cha Ishihara cha vidoto vya rangi. Kitabu kilikuwa kinakaa wazi dirishani, jua linakipiga, kurasa zimepauka hata mimi nilipopimwa ilinibidi nikodoe. Ukurasa wa kwanza, ule wa namba 12 ambao huwekwa ili kila mtu auone, kijana akausoma. Zilizofuata akawa anakisia, chini ya balbu ya njano. Kitabu kile hutakiwa kufungwa na kuwekwa mbali na jua, na kusomwa kwenye mwanga kama wa mchana. Kila anayekitumia anajua. Kijana akaandikiwa kwamba ameshindwa kipimo cha rangi. Mama akaniambia kiwanja cha Kibaha kimeuzwa kumpeleka mtoto shule. Kama kweli kijana haoni rangi sawasawa, kwa nini shule ilipokea fedha ile yote kabla ya kumtaka apimwe Daraja la Kwanza? Na kama anaziona, kwa nini ahukumiwe kwa kitabu kilichopauka? Mzazi yeyote anayesoma barua hii na ana mtoto anayetaka urubani, ampeleke kwanza akapimwe Daraja la Kwanza, kisha ndipo alipe ada ya shule, hata kama shule inasema cheti cha daraja la chini kinatosha kuanzia. Kinatosha kuanzia, ndiyo, na huko mbele ndiko fedha inakopotelea.

Haya si mambo ya kuundiwa tume. Fomu ya daktari iongezewe nafasi ya pili ya tarehe: ya kwanza iandikwe siku ya kupimwa, ya pili iandikwe siku cheti kinapoanza kazi, na aliyepimwa ndani ya zile siku 45 aandikiwe tarehe ya kuisha kwa cheti cha zamani. Mamlaka ya Usafiri wa Anga iwaandikie madaktari wake barua moja ya ukurasa mmoja yenye orodha ya kipimo gani ni cha kila mara, kipi cha kila mwaka na kipi cha kila miaka miwili, ibandikwe kwenye dirisha la malipo ambapo mlipaji anaisoma kabla hajatoa fedha. Kila kliniki inayopima marubani iwe na bunda la akiba la karatasi za kipimo cha moyo, na kitabu cha Ishihara kikae kabatini.

Na daktari mmoja mwenye kibali cha kupima marubani aje kukaa Arusha juma la kwanza la Mei na juma la kwanza la Novemba, na mashine zake, kwa ajili ya marubani wa viwanja vya hifadhini. Nimechagua miezi hiyo kwa sababu kati yake kuna miezi sita kamili na yote miwili ni ya mvua, masika na vuli, wakati ndege hazina kazi nyingi. Ambaye cheti chake kinaishia Agosti atapoteza siku mara moja tu ili aingie kwenye mzunguko huo. Baada ya hapo hatapimwa tena katikati ya msimu. Tulishalizungumza marubani tuliopo hapa, na tuko tayari kuchangia chumba chake na chakula. Kiti cha kumleta kutoka Dar na kumrudisha hakitakuwa shida, Mei tunaruka na viti vitupu.

Wako,
Rubani wa ndege ndogo,
Arusha