Besi nayo ni wimbo

Leipzig, Ujerumani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo imeanza kuuma vidole asubuhi. Na Mama tulishaongea kwa simu, ila hili nimetaka ulipate kwa maandishi pamoja na karatasi hizi za nota.

Nimeanza kutunga, Baba. Ni vipande vifupi vya piano kwa wanafunzi wangu wanaoanza, kwa mtindo wa enzi ya Baroko, muziki wa Ulaya wa miaka ya 1600 hadi 1750 hivi, ule wa mtunzi Bach. Kaburi lake liko hapa hapa mjini, ndani ya kanisa la Thomaskirche, na napita hapo karibu kila wiki.

Viwili vya kwanza nilivichana. Mkono wa kulia niliupa wimbo mtamu, wa kushoto nikaupa kodi tupu, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, pu-pa-pa, pu-pa-pa. Mwanafunzi wangu mmoja wa miaka tisa alipiga wa kulia kwa furaha, ikifika zamu ya kushoto anapooza. Nikakumbuka kwenye kwaya ulivyokuwa ukiwaweka besi, waimbaji wa sauti ya chini kabisa, peke yao Jumatano jioni, wenzao kimya kwenye mabenchi, ukiwaambia: "Hamkuja hapa kuwabeba sauti ya kwanza mgongoni. Wimbo wenu nao ni wimbo." Sasa naanza na besi. Naiimba kwa do-re-mi nikitembea, isipoimbika, naifuta.

Kipande cha tatu ni minueti, dansi ya zamani: mapigo matatu katika kila baa, yaani kila kipimo cha nota, sehemu mbili za baa nane nane, kila moja inarudiwa. Sehemu ya kwanza doh iko G, inahamia D. Ya pili inarudi G taratibu. Kulia wanaanza, baa mbili mbele kushoto wanaitikia yaleyale, chini zaidi. Sikuweka pedali wala alama za sauti kubwa na ndogo. Hapsikodi, kinanda cha enzi hizo, nyuzi zake hudonolewa, na ubonyeze kwa nguvu au kwa upole, sauti ni karibu ileile. Utamu wote unatoka katika sauti mbili zinavyokutana na kuachana. Nota moja ikikaa vibaya, inasikika.

Bach naye aliwatungia watoto wake. Mwaka 1720 alimwanzishia mwanawe mkubwa wa kiume, Wilhelm Friedemann, daftari la kujifunzia, mtoto akiwa na miaka tisa tu. Kuna kipande humo amemwandikia namba za vidole juu ya nota. Kisha mwaka 1723, alipopanga zile invensheni zake 15, vipande vifupi vya kujifunzia vya sauti mbili, aliandika mwanzoni kwamba mwanafunzi ajifunze kuzipiga sauti mbili kwa usafi, na zaidi ya yote apate namna ya kupiga inayoimba. Niliposoma hapo nilikaa kitako. Ni Jumatano yako hiyo, Baba.

Na ile minueti ya G uliyonifundishia kwenye kinanda cha kanisa, si ya Bach. Ni ya Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden. Ilikutwa imenakiliwa katika daftari la mke wa Bach, Anna Magdalena, la mwaka 1725.

Mpe mjukuu wako hicho cha tatu, aanze na mkono wa kushoto peke yake. Baa ya kumi na moja bado inanisumbua, naona besi inaruka mbali mno. Iimbe mwenyewe, halafu uniambie.

Msalimie Shangazi.

Mwanao,
Neema