Kimya cha mwenzenu wa Goma si uvivu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu juu ya kitu chenye kinaumiza vijana wengi hapa kwetu, hizi kazi za timu za mbali, mtu anakaa mtaa wa Himbi ao Ndosho hapa Goma na kompyuta yake, shefu yuko Geneva, mhasibu yuko Nairobi, mwengine Kinshasa, na hawajaonana uso kwa uso hata siku moja. Kazi zenyewe ni nzuri, zinalisha familia, sizikatai. Shida ni imani kati ya hao watu, inavunjika kwa kitu kidogo sana na wenye kulipa mara nyingi ni siye.

Wenye kuchunguza hii mambo walishaiona zamani. Sirkka Jarvenpaa na Dorothy Leidner waliandika mwaka 1999 juu ya timu za watu wa nchi mbalimbali wenye walikutana kwenye kompyuta tu, wakaona watu wanaaminiana haraka tangu mwanzo ili kazi isonge, lakini imani hiyo ni laini na haikawii kupotea. Alafu mwaka 2001 Catherine Cramton akaonyesha vile watu wa mbali wanashindwa kusoma kimya. Mtu hajajibu: amekubali? amekasirika? hajaona ujumbe? Hakuna mwenye anajua, basi kila mmoja anajaza mwenyewe, na ni rahisi zaidi kusema "huyu mtu ni mbaya" kuliko kufikiri pengine kwake kuna tatizo.

Sasa weka hiyo Goma. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, tarehe 27 tukaambiwa sehemu kubwa ya mji ihame, watu wakakimbilia Sake, Rubavu, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu, nani alikuwa anawaza kufungua imeli? Mbele ya hapo, tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu wiki tatu. Na mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, kuran (umeme) ikaenda, maji yakaenda, intaneti ikaenda, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Kuna kijana wa Katindo namjua, aliporudi kwenye laini alikuta shefu wake ameshaandikia timu yote kwamba kazi yake imepewa mwengine kwa sababu hategemeki. Redio za dunia nzima zilikuwa zinataja jina la Goma wiki hiyo yote. Hakuna hata mmoja kwenye hiyo timu mwenye aliuliza yuko hai ao hapana! Hiyo mimi siwezi kuiita utamaduni wa kazi.

Na hata siku za amani kuna vitu vyenye wakubwa wa mbali hawaoni. Wanataka kamera iwake mkutano mzima, na mega za intaneti mtu ananunua na pesa yake (njo maana wengi wanashika laini ya Rwanda kando ya mpaka). Kwenye mkutano shefu anauliza "kuna mwenye hakubali?" na sisi tunanyamaza, kwani kwetu mdogo hapingi mkubwa mbele ya watu, anamtafuta pembeni baadaye anamwambia kwa heshima. Yeye anaandika wote wamekubali. Wiki mbili mbele kazi haiendi vile alitaka, anasema tumemdanganya.

Upande wetu pia tubadilike, nasema kweli. Tunapenda kujibu "ndiyo, itakuwa tayari" hata tukijua kuran haitoshi na kazi haitaisha, tunaogopa kupoteza mkate, alafu siku ya kutoa kazi tunazima simu. Bora kusema mapema: huku kuran inasumbua, nitatuma kesho mchana. Neno moja kama hilo linashika imani kuliko kamera.

Kwa hiyo naomba mashirika na kampuni zenye wanaajiri watu wa Goma na Bukavu wafanye kitu kimoja siku ya kwanza ya kazi, wakae na timu yote wapatane: mtu akipotea kwenye laini ni nani anamtafuta, kwa namba gani, SMS ya kawaida mara nyingi inapita hata intaneti ikiwa chini, nani awe na namba ya ndugu ao jirani wake, na zipite siku ngapi kabla kazi yake haijapewa mwengine. Iandikwe kwenye kontra kabisa, karibu na mshahara, na shefu naye atie sahihi.

Msomaji wenu,
Katindo, Goma