Tuiteni kabla ya kuchimba msingi

Ndugu Mhariri,

Natumia kiti cha magurudumu, mwaka wa 9 sasa. Nilipopewa chumba kwenye jengo lililosemwa ni la watu wenye ulemavu, nilifurahi mpaka nilipofika mlango wa choo. Kiti kiligoma kupita. Miezi miwili nilikuwa nashuka na kujiburuza sakafuni, mdogo wangu kanishikia kiti nje. Njia ya mteremko ilikuwepo, tena imepakwa rangi ya kupendeza, ila imeinuka kama paa la nyumba! Kipimo kinachojulikana ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka angalau sentimita 12 za urefu. Aliyechora hakumwuliza anayesukuma.

Jirani yangu wa sasa aliwahi kulala nje kwa miaka. Kila alikoomba chumba aliambiwa aache pombe kwanza. Aiache wapi, barazani mwa watu, huku anaamshwa usiku kwa mateke? Ufini tangu 2008 waligeuza utaratibu huo: mtu anapewa nyumba kwanza, mkataba wa upangaji kwa jina lake na ufunguo mfukoni, kisha msaada wa matibabu na ushauri humfuata. Mabweni ya dharura mengi yakageuzwa nyumba za kupanga, na waliokuwa wakilala nje muda mrefu wakapungua sana.

Wanaopanga miradi ya makazi watuite mapema, sisi tutakaoishi humo. Tepu ya kupimia nitakuja nayo mwenyewe.

Msomaji wenu wa kila siku