Mwalimu, hiyo R6 iache kwanza

Iringa, Jumapili jioni

Mwalimu,

Habari za Morogoro? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila baridi ya Juni haina adabu. Asubuhi vidole vinagoma kushika klachi.

Hongera kwa mkopo. Najua SACCOS wamekuzungusha vya kutosha, na sasa hela imetoka unataka kuiona ikinguruma uani. Picha ya hiyo Yamaha R6 ya bluu nimeipata. Nimeiangalia sana, sikufichi, chuma kizuri. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huwa huniachi nimalize sentensi, na hii ya leo nataka niimalize: usiinunue.

Sisemi hujui pikipiki. Hiyo TVS yako ya 125 umeipitisha mahali ambapo wenye Land Cruiser waligeuza. Tatizo ni hiyo R6 yenyewe. Ni pikipiki ya mashindano iliyofungwa taa na indiketa ili iruhusiwe kupita barabarani. Injini yake ni cc 599, silinda nne, nguvu za farasi zaidi ya 110, na nguvu hizo huzipati zote mpaka injini izunguke zaidi ya mara 14,000 kwa dakika. TVS yako ina kama farasi 10 au 11 hivi. Gia ya kwanza ya R6, peke yake, inavuka kilomita 100 kwa saa. Sasa niambie, kuanzia Msamvu mpaka Mikumi mjini, na vile vibao vya 50 kila penye nyumba tatu, na askari na tochi yao ya kupima mwendo chini ya mwembe, gia ya pili utaitia lini? Faini unaijua, huhitaji nikufundishe.

Halafu mkao. Unalala kifua juu ya tenki, uzito wote unabebwa na viganja. Uwanja wa mashindano sawa, mbio zenyewe si ndefu. Lakini wewe safari yako ya mwisho wa mwezi ni kuja kwenu huku, zaidi ya kilomita 300. Ukifika Ruaha Mbuyuni mikono itakuwa imekufa ganzi, hata vitunguu hutaweza kuchagua.

Najua vijana wa kijiweni swali lao ni moja tu: cc ngapi? Hilo swali linapotosha watu. Honda CB500X yangu ni cc 471 na ina farasi 47. Hiyo R6 imeizidi cc 128 tu, lakini nguvu imeipita zaidi ya mara mbili. Honda walifanya makusudi: kule Ulaya kuna leseni ya kati, inayoishia kilowati 35, ambazo ndizo hizo farasi 47, wakaitengeneza iingie humo. Na Wajapani kwao leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400, ndiyo maana wana zile 400 zenye silinda nne kama CB400 Super Four, yenye farasi wengi kuliko hii 500 yangu. Kwa hiyo dalali akikuambia "hii ni 400 tu, ya kuanzia," muulize silinda ngapi na farasi wangapi.

Sasa nisikilize. Pikipiki kubwa ya kwanza ichague ikiwa imesimama. Kukimbia zote zinakimbia, na ikishashika mwendo uzito wake hausikii. Uzito unausikia pale unapoegesha kwenye mteremko, pale unapogeuza kwenye changarawe, pale unapotaka kuirudisha nyuma umeielekeza ukutani na nyuma yako kuna kilima. TVS yako haifiki kilo 130. CB500X ina karibu 197, Himalayan ya Royal Enfield inakaribia 200. Hizo kilo 70 za nyongeza ni kama abiria asiyeshuka.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji usikimbilie kuiwasha. Shika usukani, injini imezimwa, isukume mbele, irudishe nyuma, kata kona kamili kushoto, kisha kulia, ukitembea kwa miguu. Jasho likikutoka hapo kwenye saruji, fikiria kwenye tope. Kisha kaa juu, ukiwa na buti za safari, si kandambili, uone miguu inagusa vipi. Mimi na wewe hatukujaliwa urefu. Siti ya Himalayan ile ya cc 411 iko milimita 800 kutoka chini. CB500X za kuanzia 2019 ni 830. R6 ni 850. Honda CRF250L, ambayo watu wanaiona ndogo kwa sababu ya cc zake, ni 875, na ile XT660Z Ténéré uliyoisifia mwaka jana imepanda zaidi ya hapo. Kugusa kwa ncha za vidole kunatosha kwenye lami tambarare. Barabara ikiinama upande mmoja na mguu ukakosa ardhi, imekwenda.

Na itakuja kulala siku moja, hilo lisikutishe. Usiinue kwa mgongo kama mfuko wa saruji. Zima injini. Kama imelalia kulia, toa stendi kabisa kabla hujagusa kingine, ili ukishaisimamisha isiangukie upande wa pili. Acha gia ya kwanza isiteleze. Geuka uipe mgongo, makalio yaegemee siti, mkono mmoja usukani, mwingine chuma cha nyuma, kisha sukuma kwa miguu ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Dada mwembamba anainua kilo 200 kwa namna hiyo. Mwenye mabavu anavunja kiuno.

Turudi kwenye njia yako, maana ndiyo itakayotumia hiyo pikipiki. Shida ya 125 pale unaijua: uko kwenye 80, injini inalia, basi limekukalia mgongoni, na lori la mbele huwezi kulipita bila kuomba dua. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, zile kilomita 50, nguvu huzihitaji kabisa, mwendo ni 70 na bango la faini za kugonga wanyama umelisoma. Pale unahitaji breki. Kwenye mlima wa Kitonga unahitaji mvuto wa chini, ule wa kukutoa nyuma ya semi-tela linalotambaa bila kuteremsha gia mara tatu. Ukishapita Ilula na mjini, ukaiacha lami kwenda kwa mama, ni ule udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hata mbuzi anateleza. Hakuna hata sehemu moja ya safari hiyo inayotaka farasi 110. Farasi 24 mpaka 50 zinakutosha, zenye mvuto wa mapema, na shokapu laini.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningetafuta Himalayan ile ya cc 411. Ina farasi 24 tu, watu wanaicheka, lakini mvuto wake unakuja mapema, injini ikiwa bado haijaanza kupiga kelele. Inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya maji ya kutobolewa na jiwe. Siti iko chini. Ubaya wake ni kwamba ukifika 110 imemaliza maneno, na kwa nguvu hizo uzito wake umezidi. Mpya yake, ya cc 452 iliyotoka mwishoni mwa 2023, ina farasi 40 na rejeta, lakini bei yake itakurudisha SACCOS.

Ukikutana na CB500X iliyotunzwa, kwa bei ya kueleweka, ichukue na usinililie. Lami ni nyumbani kwake. Kwenye tope ndipo inakukumbusha kwamba hapo si kwake, na spea nyingi utaagiza. Na usiwasikilize wanaosema cha Mhindi si pikipiki. BMW G 310 GS, cc 313 na farasi 34, ilitengenezwa na hao hao TVS wa chombo chako, kule Hosur, India. Bajaj wenye Boxer ndio wanaotengeneza KTM 390 huko Chakan, na Dominar 400 yao injini yake ni ya ukoo huo huo. Ukiipata Dominar, ijaribu, ila shokapu zake ni za lami zaidi.

Kuna mambo yatakayokushangaza wiki ya kwanza. Utawasha, utatia gia, itazimika. Utawasha tena, itazimika tena, na watu wanakutazama. Ni stendi: hujaikunja, na kubwa nyingi zina swichi ya kuzima injini ukitia gia stendi ikiwa chini. Kiki hakuna. Betri ikifa kabisa hata kuisukuma hakusaidii kwa zile zisizo na kabureta, maana pampu ya mafuta inataka umeme. Gia kama ulizoea kusukuma zote mbele, hizi ya kwanza ni chini, zilizobaki zote juu, na mguu wako utasahau siku utakayoshtushwa na gari. Na breki ya mbele: kwenye ngoma ya TVS unaminya kwa vidole vyote na bado inafikiria. Disiki inatii vidole viwili. Ukiminya kwa nguvu usukani ukiwa umekata kona, mwendo wa kutembea, unalala mbele ya pampu za sheli na ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge, haikuokoi hapo. Tafuta uwanja wa shule Jumamosi, wanafunzi hawapo, ufanye kazi hiyo tu, kusimama na kugeuza, mpaka uchoke.

Oili usiweke ya gari, hata fundi akiapa. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi itaanza kuteleza. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2.

Kabla ya kutoa shilingi piga simu maduka ya spea Dar na Arusha, uulize vitu vya kawaida: pedi za breki, cheni na spoketi, filta ya oili, kebo ya klachi, tairi. Hasa tairi. Za bodaboda utazipata hata Kidodi, lakini inchi 21 ya mbele ya Himalayan au ile pana ya nyuma ya CB500X si za kila duka. Jibu likiwa "tunaagiza," uliza kwa muda gani na kutoka wapi. Himalayan hiyo ina tyubu, fundi pancha yeyote ataiweza. CB500X haina, kwa hiyo tembea na vijiti vya mpira vya kuzibia na pampu.

Siku ya kuiangalia mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna kitu alitaka usikisikie. Pangusa nguzo za shokapu za mbele kwa kidole, ukitoka na oili ujue sili zimekwisha. Angalia tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018, na tairi la namna hiyo hata likiwa na meno yote usilipe thamani. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, na jina lihamishwe TRA, usikubali kutembea na kadi ya mtu.

Leseni yako nayo itoe uitazame. Kama ni A1, hiyo inaishia pikipiki za chini ya cc 125. Unahitaji daraja A, na bora uanze sasa kabla chombo hakijafika. Chukua bima kubwa. Na mkopo usiumalizie wote kwenye pikipiki, bakiza hela ya kofia ngumu ya kweli, jaketi, glavu na sevisi ya kwanza.

Jumamosi ya wiki ijayo nina kazi hapo Morogoro. Nitakuja kwa basi. Kama utakuwa umepata ya kuangalia Dar, tuondoke wote alfajiri, na ikitufaa mmoja wetu arudi nayo. Ila hela ya awali usimpe mtu mpaka niwe nimeigusa.

Msalimie shemeji, mwambie sijasahau ile asali.

Ni mimi,
Bwana Shamba

N.B. TVS usiiuze. Ya kwendea shule kila siku itabaki kuwa hiyo hiyo, na huyo mwalimu mwenzako kwa bei aliyokutajia anakuibia.